Wapenzi wa Magari na Elimu Tunayoiacha Barabarani

Kuna imani iliyokita mizizi miongoni mwa wazazi na walimu wetu kwamba kijana anayependa magari kupita kiasi ni kijana aliyekwisha kupotea. Akionekana Jumapili alasiri kainama juu ya injini iliyo wazi, mikono imejaa grisi, husemwa kwamba ameacha vitabu. Akitaja aina za motokaa, miaka zilipoundwa na nguvu za injini zake bila kubabaika, huulizwa kwa kejeli kama hayo yatakuja katika mtihani. Nakusudia katika makala haya kuipinga imani hiyo. Sitaipinga kwa kumtetea kila anayekanyaga mafuta ovyo katika barabara kuu ya Embu na Meru, bali kwa kuonyesha kwamba tumeiacha elimu nzima ijiendeshe yenyewe nje ya ua wa shule, na kwamba gharama ya kuiacha huko tunailipa kila mwaka.

Yeyote aishiye mjini Embu anaijua mikutano yenyewe. Haina tangazo wala kadi ya mwaliko. Jumapili, baada ya ibada na chakula, magari huanza kukusanyika moja moja penye gereji na mahali pa kuoshea magari, na wenyewe hukaa hapo hadi giza liingie. Utamkuta mwalimu mstaafu na Peugeot 504 yake, mfanyabiashara wa makamo na Datsun aliyoirithi kwa babake, na vijana waliochanga fedha wakanunua Subaru Impreza iliyokwisha kutumika Japani. Wengine hawana gari lolote. Wamekuja kusikiliza tu, na hao ndio wengi. Mkutano huo hauna mwenyekiti wala katibu, lakini una kanuni moja ambayo laiti ingefuatwa katika semina zetu za chuo kikuu: anayetoa dai sharti afungue boneti alithibitishe.

Tusistaajabu kwamba penzi hili limeota katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Itakumbukwa kwamba mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya East African Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na magari yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye jina lilibadilika, utawala wa kikoloni ukaondoka, na mashindano yakabaki. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zinapoanza, katika barabara za umma ambazo hazikufungwa kwa ajili ya mtu yeyote. Dereva wa mbio alikutana na mkokoteni wa punda, lori la kahawa na kundi la mbuzi kama dereva mwingine yeyote. Njia ya Embu na Meru, kabla ya barabara mpya ya lami, ilikuwa miongoni mwa zile zilizoogopwa: udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni, mabonde ya mito itokayo mlimani, na kona zisizokwisha. Thuci, Ruguti, Nithi na Mutonga ni majina ambayo mtoto wa hapa huyakuta katika somo la jiografia. Babu yake aliyajua kwa kuhesabu magari yaliyokwama.

Katika mikutano ya Jumapili historia hiyo husimuliwa kwa usahihi ambao ningependa kuuona katika karatasi za wanafunzi wangu. Wazee hukumbuka kwamba mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na kwamba miaka yote miwili Nick Nowicki alishinda kwa Peugeot 404. Humkumbuka Joginder Singh, Kalasinga wa Kericho aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva wa mbio, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika katika mashindano, kisha akashinda mara mbili zaidi, mwaka 1974 na 1976, kwa Mitsubishi Lancer. Humkumbuka Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mara 5, nne kati ya hizo zikifuatana kuanzia mwaka 1979. Na vijana nao, ambao hawakuwa wamezaliwa, watakueleza kwamba mwaka 1993 Patrick Njiru aliimaliza Safari katika nafasi ya 12 akiendesha Subaru Vivio, kigari chenye injini isiyofikia sentimita za ujazo 660, ilhali Colin McRae, aliyekiendesha kigari cha aina hiyo hiyo kwa kasi ya kutisha, hakufika mwisho. Mwaka uliofuata Njiru alishika nafasi ya 4 kwa Subaru Impreza, katika Safari ambayo Mkenya mwingine, Ian Duncan, aliishinda kwa Toyota Celica. Hapo ndipo mapenzi ya Subaru yalipopata jina la kwetu.

Safari iliondolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarejeshwa mwaka 2021. Siku hizi kitovu chake ni Naivasha, na sehemu za mbio ni kilomita mia kadhaa tu katika njia zilizofungwa, tofauti na zile safari za kale za kilomita elfu kadhaa. Ni busara kufanya hivyo, na sitaki kuonekana kana kwamba naililia hatari. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto wa Runyenjes au Chuka hatasimama tena ukingoni mwa shamba la kahawa akisubiri vumbi. Anachokipata ni masimulizi ya mkutano wa Jumapili.

Mjadala usiokwisha hapo ni huu: gari bora ni lipi, la kale linalodumu au la kisasa linalokimbia? Wazee husimama upande wa Peugeot. Hutaja ushindi wa 404 mara 4 na wa 504 mara 2, mwaka 1975 na 1978, kisha huacha historia wakaingia chini ya gari. Watakuonyesha jinsi springi za 504 zilivyo ndefu na laini, hivyo kwamba gurudumu linaweza kushuka shimoni na kupanda bila bodi kutikisika, na jinsi tumbo la gari lilivyoinuliwa mbali na mawe. Gari hilo lilianza kuundwa mwaka 1968, na kwa miaka mingi liliunganishwa Mombasa. Ndilo lililobeba abiria wa masafa marefu katika miaka ya 1970 na 1980, watu wamebanana katika viti vya nyuma kama dagaa. Kwa sababu hiyo gari la kale hapa Embu si pambo. Huko Nairobi kuna maonyesho ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970, ambapo motokaa hung'arishwa hadi chini ya mbawa za magurudumu na waamuzi hupita na kalamu zao. Ni shughuli nzuri, nami naiheshimu. Ila pikapu ya 504 ya hapa hufika mkutanoni ikiwa imebeba majani ya ng'ombe, na mwenyewe hawezi kukaa sana kwa sababu ng'ombe wanangoja.

Vijana hujibu kwa kufungua boneti ya Impreza. Injini ya Subaru haikusimama wima kama nyinginezo. Pistoni zake zimelazwa, mbili kila upande, zikipigana kwa kuelekea na kuachana kama ngumi za mabondia. Faida yake ni kwamba uzito hukaa chini, karibu na ardhi, na gari halilali sana kwenye kona. Ule mngurumo ambao huwaamsha wakazi usiku, na ambao wengi hudhani ni kelele tu za kiburi, una sababu yake. Katika nyingi za injini hizo mabomba yanayotoa moshi kutoka silinda za upande mmoja ni marefu kuliko ya upande wa pili, kwa hiyo milipuko huwasili kwenye ekzosi kwa vipindi visivyolingana, na sikio hukisikia kichwa cha ngoma badala ya filimbi. Kijana aliyenieleza haya hakuwahi kufaulu fizikia. Alinieleza kwa dakika tano, kwa Kiswahili, na nikamwelewa.

Kisha huja suala la hewa, ambalo mimi binafsi hulipenda kuliko yote. Mji wa Embu uko takribani mita 1,350 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na injini ya kawaida hupoteza yapata asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mafundi wa kabureta wameujua ukweli huo kwa masikio na macho tangu zamani. Gari lililotengenezwa Pwani likifika hapa hupata mafuta mengi kuliko hewa, hutoa moshi mweusi, na plagi zake zikifunguliwa huwa na masizi. Fundi hugeuza skrubu kidogo, husikiliza, hugeuza tena. Turbo hulitatua tatizo hilo kwa njia nyingine: moshi unaotoka hutumiwa kuzungusha gurudumu dogo, nalo gurudumu husukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu, hata mlima usihisiwe sana. Ndiyo maana gari lenye turbo huheshimiwa zaidi Embu na Meru kuliko linavyoheshimiwa Malindi. Ni somo zima la kanieneo ya hewa, nalo limefundishwa bila ubao.

Sasa nije kwenye taaluma yangu. Walimu wenzangu wa Kiswahili wanajua kwamba katika isimujamii tumewafundisha wanafunzi sajili kwa miaka mingi: sajili ya mahakama, ya hospitali, ya ibada, ya sokoni. Mwanafunzi hukariri sifa zake, akaandika kwamba lugha ya hospitali huwa na istilahi maalumu, akapewa alama. Ni mara chache nimeona mwalimu akimtuma mwanafunzi gereji, na hali gereji ndiko kuliko na sajili iliyo hai zaidi katika miji yetu midogo. Sikilizeni jinsi fundi anavyosema. Gari linakohoa. Gari linavuta upande. Injini inakula oili. Betri imekufa, breki zimelala, miguu ya mbele imechoka, taa moja ni chongo. Fundi hatazami mashine; anamtazama mgonjwa, na maswali anayomwuliza mwenye gari ni yale yale ambayo tabibu angeyauliza: lilianza lini, hutokea asubuhi au jioni, likipanda mlima huwaje?

Istilahi zenyewe ni historia ya bahari na ya biashara. Neno gari limetoka Bara Hindi. Usukani umetoka Uarabuni, ambako lilikuwa jina la chombo cha kugeuzia jahazi, na leo kijana wa Embu asiyewahi kuiona bahari hushika usukani kila siku. Nauli nayo ilikuwa malipo ya chomboni kabla haijawa malipo ya matatu. Parafujo tuliachiwa na Wareno. Kisha ukaja mkururo wa Kiingereza, na Kiswahili kikautafuna kwa meno yake: klachi, gia, breki, silinda, gasketi, pancha, spana, jeki. Shokamzoba ni neno ambalo hata mwenye lugha yake asingelitambua, na ndilo linalopendeza. Injini iliyogongana ndani kwa kukosa oili huambiwa imenoki, na kitenzi hicho hunyambulika bila taabu: imenoki, ilinokishwa, usiinokishe. Tena tusisahau kwamba gari moja liliwahi kuzaa kabila. Mercedes-Benz ilipoingia mikononi mwa wakubwa baada ya uhuru, wananchi waliipachika jina lake kiambishi cha watu, tukapata Wabenzi. Sijui nchi nyingine ambako ngeli ya nomino imefanya kazi ya siasa kwa ufupi kama huo.

Hapa niseme jambo dogo la pembeni. Mwanafunzi akiandika kwamba gari imesimama, mwalimu humkata alama na kumwelekeza kwenye ngeli ya LI-YA. Nami humkata. Lakini gereji nzima husema gari imesimama, na sisi walimu tunapotoka darasani na kukuta tairi haina upepo husema vivyo hivyo. Mwanafunzi anayeambiwa kila siku kwamba lugha ya gereji ni makosa matupu atahitimisha kwamba na maarifa ya gereji ni makosa matupu. Ndivyo tunavyowatenga watu wawili ambao wangefaidiana sana: mwenye cheti asiyeweza kubadilisha plagi, na fundi awezaye kuunda upya injini nzima asiyeweza kuiandika kazi yake.

Nimesema kwamba gharama ya utengano huu tunailipa barabarani. Nifafanue. Vijana wetu wamejifunza nusu ya elimu ya gari, nayo ni ile nusu ya kwenda. Wanajua kuongeza hewa, kupunguza uzito, kubadilisha ekzosi. Nusu ya kusimama hawakuipata, kwa sababu haina sauti nzuri na hakuna anayeisimulia Jumapili. Nishati ya mwendo haiongezeki sambamba na kasi. Huongezeka kwa kipeo cha pili. Gari linalotoka kilomita 80 kwa saa hadi 120 halijaongeza nusu ya nishati, limeifanya kuwa zaidi ya maradufu, mara 2.25 kamili, na nishati hiyo yote sharti imalizwe na breki, au imalizwe na kitu kingine. Chukueni lami kavu na dereva mwenye macho makali, anayehitaji sekunde moja tu kuona hatari na kukanyaga breki. Akiwa katika kilomita 50 kwa saa atasimama baada ya mita 28 hivi. Akiwa katika kilomita 100 atahitaji mita 84 hivi. Kasi imeongezeka mara mbili, umbali umeongezeka mara tatu. Mvua ikinyesha, hesabu huwa mbaya zaidi, na barabara ikiwa ya kuteremka huwa mbaya kupita hapo.

Na barabara yetu ni ya kuteremka. Kati ya Embu na Meru, kila mto una bonde, na kila bonde lina mteremko mrefu wenye kona chini yake. Tarehe 24 Julai mwaka 2022, basi la abiria lililokuwa likitoka Meru kuelekea Mombasa lilitumbukia katika bonde la daraja la Nithi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Haikuwa ajali ya kwanza mahali pale. Sitaki kuhukumu yaliyotendeka ndani ya basi hilo. Nataka kusema tu kile ambacho wazee wa mkutano wa Jumapili hukijua na hawajawahi kuulizwa na mwalimu yeyote. Breki zinazokanyagwa mfululizo kwenye mteremko hupata moto, na zikipata moto hupoteza mshiko, hata mguu wa dereva ufike sakafuni na gari lisisikie. Dawa yake ni kushusha gia kabla ya mteremko kuanza, ili injini yenyewe ilizuie gari. Madereva wa Safari walilijua hilo kwa mioyo. Mzee mwenye 504 hulifanya bila kufikiri. Kijana aliyejifunzia gari la gia zinazojibadilisha zenyewe huenda hajawahi kulisikia.

Wapo watakaosema kwamba kasi ya barabara hii si ya wapenzi wa magari bali ni ya biashara, na wana hoja. Miraa ya Nyambene huanza kupoteza ladha na thamani siku mbili hivi baada ya kuchumwa. Kwa miaka mingi pikapu za Toyota Hilux zimeshuka nazo kwa kasi ya ajabu kuelekea Nairobi, zikiwahi ndege na soko. Uholanzi ilipoipiga marufuku mwaka 2013, na Uingereza mwaka 2014, soko la Ulaya lilifungwa, lakini mwendo haukupungua, kwani jani halijui habari za marufuku, hunyauka tu. Muguka wa Mbeere nao una haraka yake. Madereva hao wamekuwa mashujaa wa vijana kuliko bingwa yeyote wa Ulaya. Watoto huwatambua kwa sauti ya injini kabla hawajatokea konani. Hili halipunguzi hoja yangu, bali huikaza. Kijana anayewaiga huona mwendo wao. Hasikii kwamba dereva wa aina hiyo huikagua miguu ya gari lake kila anaporudi, wala haoni wenzake waliobaki njiani.

Kanuni tumekuwa nazo. Mwaka 2004 matatu zilifungiwa vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa, na ajali zikapungua kwa muda, kisha mafundi wetu hao hao wakajifunza jinsi ya kuvilaza vidhibiti hivyo. Nimewahi kusikia fundi akieleza kazi hiyo kwa fahari ya msanii. Nilichukizwa, na wakati huo huo nikajiuliza ni mtihani gani wa kitaifa ungeweza kupima akili ya namna hiyo.

Pingamizi jingine ni la tabaka. Magari ni anasa, husemwa, na shule ya kijijini isiyo na maabara haiwezi kuanza kuzungumzia turbo. Pingamizi hili lingekuwa na uzito kama ningedai kila shule inunue gari. Sidai hivyo. Hapa Embu hakuna soko lisilo na fundi, wala hakuna fundi asiye na injini mbovu iliyowekwa kando. Tena mwanafunzi haikuti injini hiyo katika Kiingereza cha kitabu cha kiada. Huikuta katika lugha anayoiota ndotoni. Wanaodhani kwamba jambo hili ni la wavulana peke yao nao wakumbuke kwamba mwaka 1974 Orie Rogo-Manduli aliingia katika Safari kama dereva, wakati ambapo watu wengi hawakutaka hata kumwona mwanamke Mwafrika akishika usukani wa lori.

Tunapenda mno kusubiri serikali. Mwaka 1986 Rais Moi aliwaagiza wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, wala hakujali sura yake wala mwendo wake, mradi liwe letu. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer ilionyeshwa kwa umma, magari 5 ya mfano, yanayoweza kufikia kilomita 120 kwa saa. Hayakuwahi kuundwa kwa wingi. Watu wengi huucheka mradi huo, na mikutano ya Jumapili huucheka zaidi. Mimi huukumbuka kwa sababu nyingine: maarifa yalikusanywa juu, baina ya wahandisi na ofisi za serikali, na yalipokwama huko juu hayakuwa na mizizi ya kurudia. Maarifa ya pikapu ya 504 yako chini, kwa watu, na hayo ndiyo yaliyoifanya itembee hadi leo bila ruzuku ya mtu.

Lakini hayatakaa milele. Sheria hairuhusu magari yaliyotumika yaliyopita umri wa miaka 8 kuingizwa nchini, na ni sheria yenye sababu nzuri, ila maana yake ni kwamba kila 504 inayokufa hapa imekwenda, haina badala. Fundi wake naye amezeeka. Wanagenzi wake wamehamia kwenye magari ambayo ugonjwa wake husomwa kwa kompyuta, na sikio lililojua kupima kabureta halina wa kulirithi. Wizara inapanga upya elimu ya sekondari, mfumo wa 8-4-4 unaelekea ukingoni, na shule zinatafuta miradi ambayo mwanafunzi anaweza kuifanya katika jamii yake. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa fizikia wakae meza moja. Wawatume wanafunzi wakaandike jina la kila kiungo cha gari kama fundi anavyolitamka, kazi yake, ugonjwa wake na dawa yake. Wapime mita 84 katika uwanja wa shule kwa hatua, wasimame mwisho wake, watazame nyuma.

Wanafunzi wangu wameanza. Wiki chache zilizopita tulikwenda kwa fundi mmoja mzee ambaye ametengeneza Peugeot tangu ujana wake, na ambaye sasa, kwa lazima ya riziki, hutengeneza Subaru pia. Mmoja wa wanafunzi alimwuliza: "Mzee, ule muda kati ya kukanyaga mafuta na turbo kuanza kusukuma, ninyi mnauitaje?" Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, akafikiri.

"Hapo, mwanangu, gari bado linavuta pumzi," alisema. "Wewe ukiwa mwendeshaji, huo ndio wakati wa kuangalia kona."

Katika kamusi zangu sikuikuta maana hiyo. Mwanafunzi aliiandika katika daftari, akaandika tarehe, kisha akamwomba fundi arudie polepole ile habari ya kona.